Dumu la Mbege na Utukufu kwa Mungu Juu

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, haifungwi kwa nguvu. Mtoto wa Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, analijua hilo kabla hajajua ishara ya msalaba. Shemeji yake Mwenyekiti wetu wa kwaya, hata hivyo, ni mzaliwa wa Tanga, anaishi Dar es Salaam, na kazi yake ni fundi viyoyozi, yaani mtu anayelipwa ili gesi isitoke ilipo. Huyo ndiye tuliyemkabidhi madumu matatu ya lita 20 mchana wa tarehe 24 Desemba.

Tulikuwa tumeshachoka. Watu wa nje wanadhani kwaya ikifika Krismasi inaimba tu. Hawajui Majilio, kipindi cha kuingojea Krismasi. Kuna shada lenye mishumaa minne: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Dominika ya tatu. Mshumaa wa waridi Moshi hii utautafuta mpaka viatu viishe. Maduka yamejaa myeupe. (Nunua mweupe, ufunge utepe wa waridi sentimita tano chini ya utambi, si karibu zaidi, maana utepe wa nailoni hushika moto mapema kuliko mshumaa.) Dominika hiyo ndiyo ya furaha. Antifona yake ya mwanzo ni ya Paulo kwa Wafilipi: “Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, furahini.” Mama Mwenyekiti alitusomea maneno hayo akiwa amenuna, kisha akafungua daftari la faini za waliochelewa mazoezi. Mzee wa besi akanong’ona kwamba Paulo aliandika akiwa kifungoni, kwa hiyo angalau yeye alikuwa na nafasi.

Turudi kwenye mbege, maana hapo ndipo penye elimu.

Ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi ya kahawia yenye wekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, halafu zinachujwa. Pembeni kuna ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa na kupikwa uji. Huo ndio mso. Gome la msesewe linatia uchungu ili mnywaji asidhani amepewa juisi. Mso ukishaingia kwenye maji ya ndizi, hamira inapata chakula kipya na kuanza kazi upya, inakula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi. Kazi hiyo haina sikukuu. Ndiyo maana Bibi wa Kibosho, aliyetupikia, alijaza kila dumu mpaka begani tu, akaacha nafasi ya povu, na mdomoni akasokota majani makavu ya mgomba. Jani linazuia vumbi na nzi, lakini pumzi linaipitisha.

Shemeji akayatazama yale majani.

“Shikamoo Bibi. Hii si itamwagika kwenye gari?”

“Marahaba mwanangu. Itamwagika kidogo. Weka gunia chini.”

Gari lilikuwa Noah ya kukodi, na mwenye nayo alikuwa mkali kuhusu zulia. Basi Bibi alipoingia ndani kutuletea ndizi za njiani, Shemeji aling’oa majani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, la sivyo angetumia huo na labda ungepasuka mapema tukapona. Alikata vipande vya tyubu ya baiskeli iliyokuwa ukutani, akaviweka chini ya vifuniko, akakaza kwa mikono miwili. Kifundi, kazi ilikuwa safi kabisa. Hakikutoka hata kijasho.

Kisha akateremka. Kibosho kuna baridi na ukungu. Moshi mjini Desemba ni jua la kukausha dagaa. Hamira ikipata joto inaongeza kasi. Ongeza mtikisiko wa barabara, unaofukuza gesi kutoka kwenye kinywaji na kuipandisha juu. Ongeza pia kusimama kwa fundi cherehani, ambaye kama mafundi wote alimaliza majoho yetu 32 siku yenyewe ya mkesha. Majoho meupe, kola ya rangi ya dhahabu. Ya soprano yakawekwa kiti cha mbele kwa sababu soprano ndio waliofika kuyapakia. Ya alto, teno na besi yakalazwa nyuma, juu ya madumu, ili yasijikunje.

Halafu Mama Mwenyekiti akakumbuka vitunguu.

Noah ikaegeshwa karibu na soko la Mbuyuni, saa nane mchana, vioo juu kwa kuogopa vibaka. Tuliokuwa sokoni tulisikia mlio mmoja mzito. Mtu akapiga kelele “Transfoma!”, na nusu ya Mbuyuni ikahama. Tulipofika, vioo vyote vya gari vilikuwa vimegeuka kahawia kwa ndani na Shemeji alikuwa anazunguka nje akisema, “Haijavuja, haijavuja.” Ni kweli. Haikuvuja.

Dumu la pili lilikuwa limevimba mbavu. Hapo kuna utaratibu: lisogeze kivulini taratibu bila kulitikisa, lifunike taulo lililoloweshwa maji baridi, geuza uso pembeni, legeza kifuniko robo ya mzunguko, subiri mluzi uishe, legeza robo nyingine. Shemeji aliliinamia akafungua lote kwa mara moja. Kifuniko kilimpita sikio. Mbege haikumpita.

La tatu lilifunguliwa na Mama Mwenyekiti kwa utaratibu huo, robo kwa robo, huku akisali Salamu Maria kati ya robo na robo. Lita 20 zikapona. Babu mmoja akajitokeza na kikombe chake mwenyewe, sijui alikitoa wapi, akauliza kama ni ya msiba au ya harusi.

Sasa madoa. Ndizi na magome yana tanini, na doa la tanini huoshwa kwa maji baridi mengi papo hapo, kisha sabuni ya unga, na ndimu kwa kilichobaki. Sabuni ya mche inaligandisha. Kiongozi wa alto, kwa bidii ya kitakatifu, alikimbilia bombani na mche mzima, akasugua kila joho kwa zamu. Tukapata majoho yenye ramani. Jua likayakausha upesi, umeme ukakatika, tukawasha pasi ya mkaa. Sukari iliyobaki kwenye uzi ikakutana na pasi ya moto, ikaungua, ikanata, na harufu ya kilabu ikafufuka ikiwa na nguvu kuliko mwanzo.

Saa tatu kasoro usiku tulijipanga nyuma ya kanisa. Soprano walimetameta. Sisi wengine tulinukia. Paroko akatoka sakristia.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina.”

Akavuta hewa. Akawatazama watumishi wa altare mmoja mmoja. Akarudi ndani, tukasikia kabati la divai likifunguliwa na kufungwa. Alipotoka tena, alimtazama Shemeji, ambaye bado alikuwa na ulezi kwenye nyusi, akaelewa yote bila kuambiwa.

Dominika za Majilio Gloria haiimbwi. Inanyamazishwa mpaka usiku ule, ndipo kengele zinapigwa na watu wanapaza “Utukufu kwa Mungu juu.” Mzee wa besi, akisubiri kinanda, alituinamia akanong’ona, “Leo tunafungua dumu.” Basi kwisha. Alto walicheka wakakosa kuingia. Teno wakaingia kwa sauti ya alto. Mama Mwenyekiti, ambaye tangu Dominika ya kwanza hatukuwa tumeyaona meno yake, alikuwa anaongoza huku mabega yakitikisika na machozi yakimtoka, mkono mmoja ukipiga mdundo na mwingine umeshika mbavu. Waumini wakaona kwaya imepagawa kwa furaha, wakaubeba wimbo wenyewe mpaka mwisho, kwa sauti moja, haraka kuliko ulivyoandikwa, na ulikuwa mzuri kuliko tulivyoufanyia mazoezi. Kwenye mazoezi ya mwezi mzima hatujawahi kuimba “watu wenye mapenzi mema” tukiwatakia mema soprano.

Siku ya Krismasi lita 20 zilitosha watu wote, pamoja na Paroko, aliyeomba kwanza aonyeshwe kifuniko. Shemeji aliosha Noah kutwa. Alto wamekataa majoho mapya; wanadai haya yana historia.

Mimi ndiye mweka hazina, na nilibaki na tatizo la daftari. Niliandika: “Mbege, lita 40, imepotea kwa mgandamizo.” Mkaguzi akauliza hiyo iingie kwenye kifungu gani. Mama Mwenyekiti akasema niiandike chini ya Sare.