Mwambie Mungu Ukweli, Hata Kama Ukweli Wenyewe ni Kwamba Umechoka

Sala nyingi tunazoziomba hadharani ni nzuri kusikiliza. Zinaanza kwa sifa, zinapita kwenye toba fupi, zinawataja wagonjwa na walio safarini, kisha zinafungwa kwa jina la Yesu. Sina ugomvi nazo. Kinachonisumbua ni kwamba mtu anaweza kuomba hivyo miaka nenda rudi bila kumwambia Mungu jambo hata moja linalomuumiza. Ndoa inayumba, naye anaombea ndoa za wengine. Ana uchungu na Mungu tangu alipomzika mwanawe, lakini kila Jumapili anasimama na kutamka kwamba Mungu ni mwema. Na kweli ni mwema, naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Ila huyu anautangaza wema huo huku amemfungia Mungu chumba kile kile ambacho wema huo unahitajika zaidi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uhusiano wetu na Mungu unapodumaa kuliko mahali pengine popote. Tunahangaikia muda wa kuomba, kufunga, mikesha, kusoma Neno kila asubuhi, na yote hayo yana nafasi yake. Lakini mtu anaweza kukesha mbele za Mungu hadi alfajiri na bado akawa amejificha.

Sehemu ya tatizo ni mafundisho. Wengi wetu tumekulia katika wokovu tukiambiwa tuchunge vinywa: usikiri udhaifu, usiseme unaumwa, usiseme umekata tamaa. Naelewa nia ya waliotufundisha. Maneno yana nguvu, na mtu anayejinenea mabaya kutwa kucha hujivunja moyo mwenyewe. Lakini fundisho hilo likipita kiasi, mwamini huanza kuogopa kusema ukweli hata chumbani mwake, mlango ukiwa umefungwa, mahali ambapo Yesu alisema Baba yupo sirini na anaona (Mathayo 6:6). Aya chache tu baadaye Yesu anaongeza kwamba Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Sasa tunamficha nini, na kwa faida ya nani?

Fungua kitabu cha Zaburi uone watu wa Mungu walivyoomba. Ziko Zaburi 150, na kundi lililo kubwa kuliko mengine ni lile la maombolezo: watu wanalia, wanauliza, wanadai kusikilizwa. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na katika miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Hata lini utanisahau? Hata lini utanificha uso wako? Na tusisahau kwamba Zaburi hiyo imeandikwa kwa ajili ya mwimbishaji. Haikuwa siri ya mtu aliyejifungia ndani kwa aibu. Ilikuwa ya kuimbwa na watu waliokusanyika kuabudu. Waliona ni sawa kabisa kusimama pamoja na kumuuliza Mungu amekawia wapi.

Zaburi hiyo inamalizika kwa wimbo wa shukrani, na wahubiri wengi hupenda kukimbilia mwisho huo. Nami naupenda. Lakini Zaburi ya 88 haina mwisho wa namna hiyo. Inaanza kwa kulia mchana na usiku, inaendelea kwa kulia, na neno lake la mwisho linabaki gizani. Hakuna ushindi wala "lakini namshukuru Bwana". Watu walioyakusanya Maandiko waliiacha hivyo hivyo, bila kuibandikia mstari wa kufariji mwishoni. Kwangu mimi hiyo ni moja ya zawadi kubwa za Biblia nzima, kwa sababu ziko nyakati ambapo sala ya mtu mwaminifu humalizikia gizani, naye akaenda kulala akiwa bado ni mtoto wa Mungu.

Niliwahi kuiona Zaburi hiyo ikifanya kazi yake. Tulikuwa kwenye kikundi cha maombi, kila mmoja anatoa neno la shukrani kwa zamu. Ikafika zamu ya mama mmoja aliyekuwa amemuuguza mumewe muda mrefu, na bado anamuuguza. Akasema, "Leo sina la kushukuru. Nimechoka, na Mungu anajua nimechoka." Kimya kikatanda. Kiongozi alifungua mdomo, nadhani alitaka kumtia moyo, lakini mzee mmoja aliyekaa karibu na yule mama akamwahi. Alifungua Biblia, akasoma Zaburi ya 88 yote, taratibu, mpaka mwisho, kisha akaifunga bila kuongeza neno lolote. Yule mama akalia. Baadaye akasema hakujua kama maneno yale yamo kwenye Biblia. Alikuwa ameokoka siku nyingi, amesikia mahubiri yasiyohesabika, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba maneno yake yalikuwa na mahali ndani ya Maandiko.

Hilo linaniuma mpaka leo, kwa maana yamo tele. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kumuuliza Mungu atalia hata lini asisikilizwe. Yeremia anamwambia Mungu kwamba amemhadaa. Martha, nduguye akiwa kaburini siku nne, anamlaki Yesu njiani na kumwambia kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Ni lawama ile, tusiipambe. Yesu hakumkemea kwa lawama hiyo. Alizungumza naye juu ya ufufuo, na alipoona jinsi Mariamu na waliokuwa naye wanavyolia, naye akalia machozi, ilhali alijua vizuri anachokwenda kukifanya dakika chache baadaye.

Halafu kuna Ayubu. Tunamsifu kwa uvumilivu wake, lakini tukisoma sura zilizo katikati tunakuta mtu anayelaani siku aliyozaliwa na anayedai kesi yake isikilizwe. Rafiki zake walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na laiti wangeishia hapo. Walipofungua vinywa walimtetea Mungu kwa maneno mengi ambayo hata leo yangepokewa kwa "amina": Mungu ni wa haki, hapana anayeteseka bure, jichunguze, tubu. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ni kweli Ayubu naye alihojiwa vikali kutoka katika upepo wa kisulisuli, akanyamaza, akajinyenyekeza. Lakini tofauti iliyopo kati yake na rafiki zake iko wazi ukisoma kwa utulivu. Wao walizungumza juu ya Mungu tu. Ayubu, katikati ya hasira yake yote, aliendelea kumgeukia na kuzungumza naye.

Nalisisitiza hilo kwa sababu najua swali litakalokuja: je, Waisraeli hawakuadhibiwa jangwani kwa kunung'unika? Waliadhibiwa. Lakini tazama walinung'unikia wapi. Kumbukumbu la Torati sura ya kwanza inasema walinung'unika hemani mwao, na Zaburi ya 106 inarudia hivyo hivyo. Walikaa wakaambizana kwamba Mungu anawachukia, wakapanga kurudi Misri. Walimsengenya. Anayelia mbele za Mungu bado anamwamini kiasi cha kumletea kilio chake, kama mtoto aliyeumia anavyomkimbilia mzazi kabla hajajifuta machozi. Anayenung'unika pembeni ameshaamua kwamba hakuna haja ya kumwambia. Ndiyo maana simwogopei sana mwamini anayelalamika katika sala zake. Namwogopea zaidi yule aliyeacha kulalamika, ambaye sala zake zimekuwa fupi, safi na baridi.

Mtu wa Biblia ninayemrudia mara nyingi katika jambo hili ni Hana. Alikuwa hana mtoto, mke mwenzake Penina alikuwa anamchokoza mwaka baada ya mwaka, na mumewe Elkana, kwa upendo wote aliokuwa nao, alimuuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Ni swali la mtu mwema ambaye hajaelewa. Hana akaenda hekaluni Shilo, akaomba kwa uchungu hata midomo ikawa inatikisika bila sauti kutoka. Kuhani Eli, mtu wa dini kwa kazi yake, alimtazama akadhani amelewa. Jibu la Hana ni la kusoma polepole: hakunywa divai wala kileo, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Eli akambariki. Na kabla ya mimba, kabla hata ya kurudi nyumbani, Maandiko yanasema alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Hali yake ilikuwa ile ile. Penina alikuwa bado yupo. Lakini alikuwa amekwisha kumwambia Mungu yote, na kuhani wa Mungu amemwambia aende kwa amani, na hilo lilitosha kumrudishia hamu ya kula.

Wapo wanaosubiri zaidi ya Hana. Mama Teresa alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 dunia ilishangaa kusoma kwamba kwa miongo mingi aliona giza moyoni, asiuhisi uwepo wa Mungu aliyekuwa anamtumikia. Wengine waliona hiyo ni dalili kwamba imani yake ilikuwa ya nje tu. Mimi naona kinyume chake. Alimwandikia kiongozi wake wa kiroho ukweli huo, akamwambia Mungu mwenyewe, na kesho yake akaamka kuwahudumia maskini.

Na juu ya wote yuko Bwana wetu. Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu. Waraka kwa Waebrania unasema alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi. Msalabani alitumia maneno ya Zaburi ya 22, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha? Mwana wa Mungu asiye na dhambi aliuliza "mbona". Tukimfundisha mwamini kwamba kuuliza ni kukosa imani, tunamtaka awe na imani ya namna ambayo hata Yesu hakutuonyesha.

Kwa hiyo anayehisi kwamba maombi yake yamekauka namshauri jambo dogo. Acha kwa muda orodha ndefu ya mahitaji. Kaa mahali pa faragha, taja jambo moja tu, kwa jina lake, kama lilivyo. Sema "Bwana, nimemwonea wivu ndugu yangu," au "Bwana, siamini kwamba utanijibu." Baba wa yule kijana mwenye pepo katika Marko 9 alisema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na mwanawe akaponywa siku hiyo hiyo. Ukikosa maneno, soma Zaburi moja kila siku kwa mpangilio wake, bila kuchagua zile zinazopendeza tu. Maneno utayakuta huko. Na kama uchovu wenyewe ni wa mwili au wa akili, mkumbuke Eliya chini ya mretemu, aliyeomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Kulala, kula na kumwona daktari havipingani na imani.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaoongoza ibada. Mnatupatia nafasi ya ushuhuda wa ushindi, nasi tunafurahi na wanaofurahi. Tupeni pia nafasi ya anayesubiri. Siku moja someni Zaburi ya 88 katika ibada kuu, yote, na msimteue mtu wa kuieleza baada ya hapo. Mtu akisimama kwenye maombi na kusema hana la kushukuru leo, msimsahihishe. Muulizeni jina la mgonjwa wake, na ni nani anayemsaidia usiku.