Nani anamdai nani kwenye programu huria?

Mwaka 2022, akaunti kadhaa zilianza kumbana Lasse Collin, msimamizi wa xz, programu huria (yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha) ya kubana mafaili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya kompyuta ya Linux. Mbona marekebisho yanachelewa? Kwa nini asimpishe mwingine? Akaeleza kwamba afya haimruhusu kufanya mengi, na kwamba kwa mradi huo hana anayemlipa. Hawakulegeza. Msaidizi aliyejiita Jia Tan akazidi kuaminiwa, hadi Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alipogundua mlango wa siri wa kuwaingiza wavamizi, ambao Jia Tan aliupachika ndani ya xz. Kilichomtia shaka ni kuingia kwenye seva kuchelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wanaamini wale walalamikaji walikuwa wa kubuni, wamewekwa ili Collin amwachie Jia Tan nafasi.

Ujanja wenyewe haunishangazi. Kinachonisumbua ni kwamba malalamiko yao hayakumshtua yeyote, kwa sababu watumiaji wa kweli huandika hivyo hivyo kila siku.

Hata hivyo, watumiaji wana hoja. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, kwa mfano, inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Kisheria mjadala umekwisha. Lakini mradi unaojinadi kuwa imara umewaalika watu wautegemee. Machi 2016, left-pad, kifurushi chenye mistari 11 tu ya msimbo, ilipoondolewa na mwandishi wake kwenye npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, kazi za watu wasiohusika kabisa na ugomvi uliosababisha hatua hiyo zilikwama. Hao siwezi kuwaita wadekaji. Kwa maoni yangu, msimamizi anadaiwa ukweli: aseme kama amechoka, ameacha, au ombi fulani hataligusa. Muda wake hadaiwi.

Kwa makampuni siwi mpole hivyo. Hitilafu ya Heartbleed ilipofichuliwa mwaka 2014, ilibainika kuwa OpenSSL, programu huria yenye hitilafu hiyo, iliyosimba mawasiliano na kulinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Januari 2022, baada ya sakata la tundu la usalama katika Log4j, programu huria ya kurekodi matukio ya mifumo, kampuni moja kubwa ilimtumia Daniel Stenberg, msimamizi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, maswali ya usalama, ikitaka majibu ndani ya saa 24. Akawajibu kwamba atafurahi kuwasaidia wakishasaini mkataba. Wapo watakaoona kiburi hapo. Mimi naona bei ikitajwa kwa adabu.

Fedha nazo zina mitego. Anayelipa hutaka lake litangulie, na mtumiaji asiye na kitu, hata akiripoti hitilafu kwa umakini kuliko wote, anaweza kusukumwa nyuma ya foleni.

Umoja wa Ulaya umeamua mzigo umwangukie nani. Sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyopitishwa mwaka 2024, inambana anayeuza bidhaa, na kwa kiasi kikubwa inamwacha huru anayejitolea. Majukumu yake makuu yanaanza Desemba 2027. Kuanzia hapo, kampuni inayouza kifaa chenye curl ndani ndiyo itakayojibu maswali ya usalama wa kifaa hicho.