Kanisa halipo, kibao kipo

Mwaka wa sita huu niko London na mpaka leo kinachonishangaza si baridi wala nauli, ni vibao. Asubuhi nakatisha City, ule mji wa kale wa katikati ya London, kwenda kazini, ukutani kuna kibao cha buluu: hapa palikuwa na kanisa la mtakatifu fulani, liliungua kwenye moto wa 1666. Sasa hivi ni benki. Moto ule uliteketeza makanisa zaidi ya 80 ndani ya siku chache, mengine hayakujengwa tena, lakini majina yake watu hawajayatupa.

Sasa mie mtoto wa Mkunazini, Zanzibar mjini, nimekulia pale, Ngome Kongwe tumekwenda taarab sijui mara ngapi, wallahi hakuna siku hata moja mtu aliyenambia kwamba mule ndani Wareno walikuwa na kanisa lao, na Waomani walipowafukuza mwishoni mwa miaka ya 1600 wakajenga ngome palepale na vipande vya kuta za kanisa vikabaki humohumo. Nimekuja kulijua niko huku, ndani ya basi, nasoma kwenye simu. Niliona haya. (Na mie Muislamu, kabla hamjaniuliza.)

Kanisa la Mkunazini lenyewe, lile la Waanglikana, halina shida, kila mgeni anapelekwa, ataambiwa soko la watumwa lilifungwa 1873, ataoneshwa altari palipokuwa na mti wa kuchapia watu, na zile nguzo mafundi walizozipindua juu chini Askofu Steere, aliyelijengesha kanisa, hayupo. Lakini nenda Mbweni, walikowekwa watu waliokombolewa utumwani, skuli yao ya wasichana ni magofu, mtu anapiga selfi anaondoka zake.

Na huku nako wasitudanganye, eti. Kanisa la mtaani kwangu limegeuzwa fleti, mawe yamesuguliwa yanang'ara, Jumapili hamna hata mmoja wa kuimba. Mkunazini bado wanaimba, tena kwa Kiswahili. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu, nasema kibao tu jamani, ubao mmoja! Fundi wa milango atauchonga siku mbili tatu, na Kiswahili kiwe juu Kizungu chini, maana wa mwanzo kuusoma ni yule mtoto anaeuza kashata pale mlangoni.

Nikija likizo nitampeleka mwanangu ngomeni nimuoneshe ule ukuta, kama mwenyewe nitaujua ni upi.