Kamera ndogo kwa watoto wasiotulia: simu haitoshi?

Shemeji yangu anaishi Mwanga, hapa Kigoma, na ana mapacha wa miaka minne. Jumapili alinionyesha picha alizowapiga kwa simu ufukweni Kibirizi. Mchanga umetoka vizuri, mitumbwi imetoka vizuri, lakini watoto wenyewe ni ukungu mtupu kuanzia kiunoni kwenda chini. Sasa anataka kamera ndogo ya mfukoni. Mumewe anapinga: simu ipo, pesa ziende kwingine. Nimewasikiliza wote wawili, na kila mmoja ana hoja.

Tuanze na hesabu. Mtoto akikimbia mita 3 kwa sekunde, shata (kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia kamerani) ikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, atakuwa amesogea sentimita 5. Ikikaa wazi kwa 1/500, anasogea milimita 6 tu. Mchana hata simu inaifikia kasi hiyo bila shida. Kazi ni jioni, na watoto huchangamka jioni. Kwetu jua huzama zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, likishukia kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mwanga ukipungua, simu huiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, au hupiga picha kadhaa na kuziunganisha kuwa moja. Mtumbwi uliofungwa utakusubiri. Pacha hakusubiri.

Ndiyo maana namwambia shemeji asihangaike na idadi ya megapikseli. Atazame ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga. Kihisi kiitwacho cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, na eneo lake ni takriban mara nne ya kile cha inchi 1/2.3 kinachowekwa kwenye kamera nyingi ndogo za bei nafuu. Akinunua mojawapo ya hizo kwa sababu tu inavuta mara 30, mumewe atakuwa amesema kweli: bora angebaki na simu.

Kwenye kihisi cha inchi 1, kamera ya mfukoni ya Sony RX100 ina matoleo mengi, na hapo kuna mtego. Toleo la III la mwaka 2014 lina lenzi inayoanzia f/1.8 (namba hii ikiwa ndogo, lenzi hufunguka zaidi na kuingiza mwanga mwingi), ila hutafuta fokasi, yaani ukali wa picha, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, na katika kusitasita huko mtoto ameshapita. Toleo la VII la mwaka 2019 hulenga kwa kasi ya ajabu na huvuta mbali, lakini lenzi yake inaanzia f/2.8, hivyo inaingiza chini ya nusu ya mwanga wa ile ya f/1.8. Mimi ningetafuta la V la mwaka 2016, hata la mtumba: lenzi ni f/1.8, fokasi ni ya haraka, na linapiga picha 24 kwa sekunde. Halivuti mbali, lakini mama yuko hatua tatu kutoka kwa wanawe. Asogee.

Kinachonitia wasiwasi ni mchanga. Lenzi ya RX100 hutoka na kurudi ndani kila unapoiwasha na kuizima, na mchanga ukipenya hapo, fundi wa kuitengeneza Kigoma simjui. Kamera ya Olympus TG-6 haina tatizo hilo, inazama hadi mita 15 na lenzi yake haichomozi. Kama mapacha wangekuwa watu wa kushinda majini, ningesema achukue hiyo bila kuuliza tena. Ila kihisi chake ni kile kidogo, na jioni itamrudisha kwenye ukungu uleule. Nachagua RX100, ikae kwenye mfuko wenye zipu na iwashwe mbali na wanaorusha mchanga.

Hoja ya mume iliyobaki ni nzito: picha ya simu inamfikia bibi yao Kasulu dakika hiyohiyo. Simu basi iendelee na kazi hiyo.

Wakienda dukani, wasiijaribu kamera kwa kupiga rafu za bidhaa. Waende na pacha mmoja, akimbie kutoka mlangoni kumfuata mama, mama apige mfululizo kwa 1/500, kisha azikuze picha moja moja na kuangalia macho ya mtoto.