Historia ya Penlee Haikuishia Usiku Ule

Kila Desemba, kisa cha boti ya uokoaji ya Penlee, kule Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza, husimuliwa upya, na husimuliwa vilevile: dhoruba, wanaume wanane, kifo. Msimulizi hushusha pumzi, basi, kamaliza. Nimekisoma tena hivi karibuni kikiwa kimekatwa pale pale, na nimekasirika. Watu wale hawakuzuka usiku mmoja. Walikuwa na kituo, na kituo kile kilikuwa na umri mkubwa kuliko babu zao.

Mji wa Penzance ulipata boti yake ya uokoaji mwaka 1803, miaka 21 kabla Sir William Hillary hajaanzisha shirika tunalolijua leo kama RNLI, shirika la hisani linaloendesha boti za uokoaji. Baadaye boti ikahamia Newlyn, na mwaka 1913 ikajengewa banda Penlee Point, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mousehole. Huko ndiko ilikopata mabaharia wake, watu waliokuwa na kazi zao nyingine za kuwalisha.

Tarehe 19 Desemba 1981, meli ya mizigo Union Star, ikiwa katika safari yake ya kwanza kutoka Uholanzi kwenda Ireland na shehena ya mbolea, ilizimikiwa injini. Ndani walikuwamo watu wanane, akiwemo mke wa nahodha na mabinti wawili. Helikopta ilijaribu kuwanyanyua ikashindwa, kwa jinsi upepo ulivyokuwa. Saa 2:12 usiku, Solomon Browne, boti ya mbao ya futi 47, ikateremshwa baharini.

Lakini kabla haijateremka palitokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote, na ndilo linalopewa sentensi moja, tena likikumbukwa. Waliofika bandani walikuwa wengi kuliko waliohitajika. Nahodha wa boti, Trevelyan Richards, mwenye miaka 56, ilimbidi achague saba wa kwenda naye. Alikuwapo kijana wa miaka 17, Neil Brockman, aliyekuja pamoja na baba yake, Nigel. Richards akamchukua baba, akamwacha mwana. Hakutaka watu wawili wa nyumba moja usiku kama ule.

Tulieni hapo kidogo. Nje bahari inachafuka, redio inaita, kuna wasichana ndani ya chombo kinachosukumwa kuelekea kwenye miamba, na mzee huyu anaona mbali kiasi cha kujua mlango upi kijijini utabaki bila mtu. Mnamwita jasiri kwa sababu alikwenda. Mimi namwita jasiri kwanza kwa sababu alisema hapana, akamwambia kijana aliyekwisha jitolea kwa moyo wote abaki nchi kavu. Uamuzi huo haukutokana na msisimko. Unatoka kwa mtu aliyekaa na mabaharia wake miaka mingi, anayejua nani ni mtoto wa nani. Hakuna mkubwa wa ofisi ya mbali ambaye angeweza kuufanya. Ndiyo maana ninasema kituo cha kijiji kina kitu ambacho boti mpya na pesa pekee haviwezi kukileta.

Boti ilijisogeza ubavuni mwa Union Star mara kwa mara, katika mawimbi yaliyofika takriban mita 18. Redioni wakasema wamekwishapata watu wanne. Baada ya hapo hawakusikika tena. Wote 16 wa vyombo viwili walipotea.

Kisha nini? Hapa ndipo wasimulizi wanapoondoka, na hapa ndipo ningependa wakae. Watu wa Mousehole walijitokeza mara moja kuwa mabaharia wa boti nyingine, huku kijiji kikiwa bado msibani. Mwaka 1983 kituo kikahamishiwa Newlyn, kikapewa boti kubwa zaidi, na jina la Penlee likabaki. Neil, yule kijana aliyeachwa, alijiunga, akapanda hadi akawa nahodha wa kituo hichohicho.

Kuna na la aibu. Wananchi walichanga zaidi ya pauni milioni 3 kwa ajili ya familia, na serikali ikataka kuzitoza kodi hizo fedha. Kodi, kwenye rambirambi! Watu walipiga kelele mpaka ikarudi nyuma, na nashukuru walipiga kelele.

Najua hoja ya wanaosema kuokoa watu baharini ni kazi ya dola, isiachwe kwa hisani ya wachangiaji. Haya, ina uzito wake. Hata RNLI yenyewe, katika vituo kadhaa, ina nahodha au fundi mitambo anayelipwa, na ni sawa, injini haingoji mtu atoke kazini. Tena wavuvi wamepungua; siku hizi wengi wanaojiunga hawana asili ya ubaharia kabisa, inabidi wafundwe tangu mwanzo, na wengine hupitia chuo cha shirika hilo kule Poole. Hilo halinisumbui. Mwalimu wa shule anayeacha chakula mezani kwa sababu ameitwa anafuata njia ileile.

Kinachonisumbua ni simulizi inayomfanya aliyejitolea aonekane ana thamani akishazama tu. Kwa miaka mingi kule Dungeness, kituo kingine cha uokoaji kusini-mashariki mwa Uingereza, wanawake ndio waliokuwa wakiivuta boti hadi majini, wakingoja, kisha wakiivuta kuirudisha. Penlee ilikuwa na walioachwa bandani usiku ule, waliokuja wakiwa tayari kabisa. Wanaoandika habari hii Desemba ijayo waanze na hao, wafike mwaka 1983, waendelee mpaka kwa Neil akiwa nahodha, kwa maana wakati huo yeye ndiye aliyepaswa kuamua nani apande na nani abaki.