Rial analisisi mwaka wa pili: inawahi au sisi ndo tunalialia?

Mtu katoka form six na A yake ya hesabu za Advance, mwaka wa kwanza chuoni kalkulasi anaikunywa kama maji, halafu mwaka wa pili anapewa rial analisisi, somo la kuthibitisha kwa nini kalkulasi inafanya kazi, na semista inaisha ana sapu (mtihani wa marudio). Nimewaona wengi, na mimi mwenyewe niliponea chupuchupu.

Wanaotaka isogezwe mbele, ifundishwe baadaye, wana pointi. Newton na Leibniz waliigundua kalkulasi miaka ya 1600, limiti (ile thamani ambayo hesabu inaisogelea), ambayo ndo msingi wake, ikaja kuwekwa sawa na wanahisabati Cauchy mwaka 1821 na Weierstrass baadaye zaidi, yaani vichwa vyote vile vilikaa miaka mia na ushee vinatumia kitu bila msingi, we unamtaka dogo aelewe ndani ya semista moja. Na hata Cauchy aliteleza! Aliandika kwamba ukijumlisha mfululizo usio na mwisho wa fanksheni zisizokatika (grafu yake haina pengo) jumla nayo haikatiki, mwenzake Abel akaleta mfano unaokataa, 1826.

Ila ukichelewesha ndo kukariri kunaota mizizi. Chukua 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 ukiendelea hivyo bila mwisho, jumla yake ni kama 0.693. Sasa namba zilezile zipange upya, chanya moja hasi mbili, 1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8, hujaacha hata moja, jumla inakuwa nusu yake, na bila rial analisisi utaishia kukariri tu kwamba ndivyo ilivyo. Mwalimu mtarajiwa anayesema "epsiloni (ile herufi ya umbali mdogo kwenye pruufu za limiti) ya nini, mi naenda kufundisha" huyo siku akiulizwa na wanafunzi wake kwa nini 0.999... ni sawa na 1 atawaambia wakariri tu.

Mimi nipo upande wa kuiacha mwaka wa pili, ila wengi wetu kilichotuangusha ni "kwa kila" na "ipo". Kila mtu ana mama yake, hiyo sawa, lakini kusema yupo mama mmoja wa watu wote ni habari nyingine kabisa, na kosa la Cauchy liko hapohapo: kwa kila nukta ipo hatua yake ambapo jumla inakaribia vya kutosha, yeye akachukulia kama ipo hatua moja ya nukta zote. Kiswahili hilo hata bibi yangu analijua, ila kwenye lekcha linakuja kwa Kiingereza na alama za kugeuzwa juu chini tunabaki kukodoa macho (na pruufu tunadesa). Wiki tatu za mwanzo za semista wangetuachia tubishane hayo tu, hizo supremamu (mpaka wa juu ulio mdogo kuliko yote) na wenzake zingesubiri.