Sare za harusi zinatumaliza
Jamani, hizi sare zimenichosha! Dada yangu anaolewa mwezi ujao, pesa ni za kuungaunga, na tulishapatana: nikahi msikitini, halwa na kahawa, jioni kupamba bibi harusi uani kwa nyanya yetu, basi. Sasa mashangazi wanataka dera moja la kesha, lingine la kupamba, na leso za kufanana juu. Jana nimezunguka Biashara Street na mama. Anashika kitambaa, anauliza bei, anakirudisha polepole. Ndani ya kibeti chake noti mbili tu, zimekunjwa. Kwani dera la Idi lina kosa gani? Bwana harusi mwenyewe amekubali kanzu ya kuazima! Pesa hizo ni za mchele wa biriani, na mchele bado hatujanunua.